Mchumba Wangu Alifuta Mipaka ya Mashamba ya Ukoo Wetu

Nina miaka thelathini na nne, Mluguru wa upande wa Matombo, na sijaolewa. Ningekuwa nimeshaolewa kama si mwanaume mmoja ambaye hata jina lake sipendi kulitaja... Lakini nitalitaja, aibu si yangu. Anaitwa Festo.

Tulikuwa ofisi moja, mjini Morogoro, jirani na Msamvu. Tulitunza kompyuta zilizofungwa vijijini milimani, kila kijiji moja tu, haina mwenzake wa kuisaidia. Tuliziongoza kutoka kwenye mitambo mikubwa ya mjini. Ukibadilisha orodha ya vijiji iliyoko mjini, mashine ya kijijini inafuata bila kuuliza. Ukifuta jina la kijiji, mashine yake ikipata mtandao inajisafisha, inabaki tupu.

Ndiyo maana tulikuwa na mwiko: kijiji kikinyamaza, usikiguse. Mvua za milimani hukata mtandao hata wiki nzima. Subiri, kitarudi.

Mashine ya kijiji chetu ilibeba mipaka ya mashamba ya ukoo. Kwetu ardhi hupitia kwa mama. Mjomba, msimamizi wa ukoo, alipanda na kushuka vilima na magoti yake mabovu, yeye na wazee wenzake, wakionyesha shamba la nani linaishia wapi. Tuliwarekodi sauti zao zote. Zilikuwa nzito mno kwa mtandao wa kule, zikawa bado hazijafika mjini. Wawili kati ya wazee hao tumeshawazika.

Mjomba huyohuyo ndiye aliyepokea posa ya Festo. Alisema kwao hakujui, ila mimi nikisema ni mtu, basi na ukoo unasema ni mtu.

Wasomaji wenzangu, nilimpa kila kitu. Hata neno la siri la akaunti yangu ya kazi alikuwa nalo. Mtu anayekuja kunioa, nimfiche nini?

Masika iliyopita bibi akafariki. Wiki ile mvua ilikuwa imeshakata mtandao kijijini, na kwenye skrini ya ofisi mashine yetu iliwaka nyekundu. Festo alikuwa anautaka ukuu wa kitengo, na wafadhili walikuwa wanakuja kutembelea. Asubuhi niliyopanda gari kwenda msibani kijijini, akalifuta jina la kijiji chetu ili skrini yote iwe kijani. Tena akalifuta kwa akaunti yangu!

Nikiwa bado matangani, mawingu yakafunguka, mtandao ukarudi. Mtendaji wa kijiji akaja kuniambia mashine haina kitu. Nilimpigia Festo. Alikiri, akaniambia nimwelewe, eti hayo ni mambo ya ndani, tutayamaliza wenyewe. Nikamsihi aseme ukweli kwa bosi. Akasema sawa.

Kwenye kikao cha ofisi aliinamisha macho, akasema akaunti ni yangu... halafu akaongeza kwamba huenda ukoo wangu una mambo yake ya mashamba. Yule niliyekuwa namnunulia kitenge cha sare ya harusi! Nilifukuzwa kazi siku hiyo. Yeye leo ndiye mkuu wa kitengo.

Kazi ningeivumilia. Lakini maneno yake yalipanda mlima kabla yangu. Kijijini wakasema nimefuta mipaka ili niuze. Mabinti wa mama zangu wadogo, tuliolala kitanda kimoja utotoni, wakawa wananipita njiani kimya.

Nikaenda kwa mjomba. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akaniuliza taratibu, "Mpwa wangu, umeuza?"

Nililia mpaka sauti ikakauka. Nikamweleza yote, na la neno la siri. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mimi nakuamini. Sasa nani atawaamsha wale wazee wawili watuonyeshe?"



Dada zangu, kaka zangu, mpende mtu, umpikie, umzalie ukitaka. Neno lako la siri baki nalo. Ulilokabidhiwa na ukoo si lako la kumgawia mchumba, na anayekudai uaminifu kwa kukuomba funguo za watu wengine, mkimbie.

Siku hizi mjomba ananitembeza upya, mimi nabeba vigingi na nyundo. Tukifika kwenye mashamba waliyoyajua wale wawili peke yao, tunasimama. Upande ule ndugu wameanza kuitana mahakamani, na kila wanapoitana, jina linalotajwa kwanza ni langu.