Antena ya Kutundikia Magauni

Nyumbani kwa Sindano siku ilianza kwa harufu ya mkate. Mume wake alikuwa mwokaji. Alirudi kutoka tanurini wakati wengine ndio kwanza wanaamka, unga umemkaa hadi kwenye nyusi. Baada ya mkate ulifuata mlio wa cherehani, na huo haukunyamaza mpaka jioni. Sindano halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alipewa na wateja, kwa kuwa alikuwa mwembamba na ulimi wake ulichoma kidogo.

Mume naye alikuwa na lakabu yake: Baba Dishi. Ndiye aliyekuwa wa kwanza mtaani kununua dishi la setilaiti. Alilifunga juu ya paa, akashuka, akalitazama, akapanda tena kulifuta vumbi. Majirani walimwiga mmoja baada ya mwingine, mpaka mapaa ya mtaa mzima yakajaa masufuria yanayotazama mbingu.

Antena ya zamani ilishushwa siku hiyohiyo.

"Hii kazi yake imekwisha," alisema Baba Dishi.

Lakini mtu mwenye cherehani hatupi chuma chenye matawi. Sindano aliisimamisha kwenye ndoo ya mchanga, karibu na dirisha la chumba chake cha kushonea, akawa anatundika hapo magauni yaliyokamilika. Nje ya dirisha hilo, juu ya kilima, ulionekana mnara wa kituo cha televisheni cha mji wao. Sindano aliutazama kila alipotaka kupumzisha macho.

Basi akaja mteja wa kumtoa jasho. Alikuwa msoma habari wa kituo hichohicho cha kilimani.

"Fundi, nitazame vizuri," alisema. "Bega langu la kushoto liko chini kuliko la kulia. Nimezaliwa hivyo. Kila koti nikilivaa linaonekana kama linataka kunikimbia. Mafundi wamejaribu mpaka wamechoka."

"Hawajachoka," Sindano alijibu. "Hawajui tu."

Ulimi ulikuwa umekwisha kutangulia. Sasa mikono ilibidi iufuate. Alishona koti la kijani, akalifumua, akalishona tena. Ndani ya bega la kushoto alificha kipande cha sponji alichokipunguza kidogo kidogo mpaka kikakubali. Msoma habari alipokuja kulichukua, alijitazama kwenye kioo akatabasamu. Lakini hakusifu.

"Hapa nimesimama wima," alisema. "Kazi yangu ni kukaa, kugeuka, kushika karatasi, na taa kali zinanimulika. Nitalivaa leo jioni kwenye taarifa ya habari. Likinikaa sawasawa, nikiaga watazamaji nitaligusa bega hili. Hiyo ndiyo salamu yako, fundi. Nisipogusa, usinione mbaya. Nitajaribu kwingine."

Sindano alimsindikiza mpaka mlangoni, wakicheka wote wawili. Aliporudi ndani, kicheko kilimwisha. Dishi lao halikuwa na kituo kile.

Sebuleni Baba Dishi alikuwa na rimoti mkononi. Mama yake mzazi alikuwa kwenye kiti chake cha siku zote, mbele ya televisheni.

"Mume wangu, nataka kuona kituo chetu cha hapa."

"Chaneli zote hizi, hicho kikosekane?" alisema Baba Dishi. Akaanza kubonyeza. Akapita mieleka. Akapita simba wakila swala. Akapita harusi ya watu wasiowajua, na mpishi aliyekata vitunguu bila kutoa chozi.

"Mwanangu, pumzisha kidole," alisema mama mkwe. "Mimi najua mvua itanyesha lini katika nchi nisizoweza hata kuzitamka. Ya hapa kwetu natazama mawingu."

"Mama nawe!"

"Nasema uongo?"

Sindano akamweleza mumewe habari ya koti, ya bega, na ya salamu. Baba Dishi aliweka rimoti chini. Alikuwa mtu wa majivuno kidogo, lakini alimpenda mke wake kwelikweli.

"Mbona hukuanza na hilo?" alisema, na akakimbilia chumba cha kushonea. Magauni yakarushwa kitandani. Antena ikapanda juu ya paa. Akaifunga kwenye mlingoti kando ya dishi, akaiinua ncha yake ielekee juu, sawasawa na dishi linavyotazama. Nyuma ya king'amuzi aliona tundu moja lililo wazi. Akachomeka waya humo, akasubiri.

Skrini iliandika: hakuna mawimbi.

"King'amuzi kimekufa," alisema.

"Hakijafa. Sasa hivi kimetuonyesha simba," alisema mama mkwe.

Jua lilikuwa limeanza kushuka. Sindano hakusubiri wamalize ubishi wao. Akajifunga kanga kiunoni, akaenda nyumba ya pili kwa Vipaza. Vipaza alikuwa mwanamke aliyefunga vipaza sauti kwenye sherehe na antena kwenye nyumba za watu. Sauti yake mwenyewe haikuhitaji kipaza.

"Shoga, nifae," alisema Sindano. "Nataka kuona taarifa ya habari ya hapa. Au nitazame kwako?"

"Kwangu kioo cha televisheni kimepasuka," alijibu Vipaza. "Mganga hajigangi. Twende kwako."

Walipofika uani, Vipaza aliinua macho juu ya paa. Alicheka mpaka akajishika mbavu.

"Shemeji! Hiyo antena inaomba mvua?"

"Nimeielekeza kama dishi," alisema Baba Dishi. "Si mawimbi yote yanatoka juu?"

"Sio yote. Dishi linatazama juu kwa sababu setilaiti iko juu. Kituo chetu hakirushi kupitia setilaiti hiyo. Mawimbi yake yanatoka kwenye ule mnara, yanapita juu ya mapaa yetu. Antena ilale usawa, na mbele yake itazame mnara. Mbele ni upande wenye vijiti vifupi."

"Kumbe! Na chaneli zangu za dishi? Antena ikianza kufanya kazi, si zitapotea?"

"Hazipotei, shemeji, usilie. Twende tukaone king'amuzi."

Ndani, Vipaza alikigeuza king'amuzi akawaonyesha nyuma yake.

"Mna bahati. Hiki kina matundu mawili. Hili ambalo waya wake unakazwa kwa kuzungusha ni la dishi. Hili jingine ni la antena. Kila moja lina kazi yake, na rimoti ni ileile. Lakini si ving'amuzi vyote viko hivi. Kuna vyenye tundu la dishi peke yake. Hivyo havipokei antena."

"Mwenye king'amuzi kama hicho afanyeje?" aliuliza Sindano.

"Atazame nyuma ya televisheni yenyewe. Kama ni ya kisasa, inayopokea matangazo ya dijitali, antena anaichomeka huko." Kisha akamgeukia Baba Dishi. "Shemeji, ulipochomeka waya, umeme ulikuwa umezimwa?"

Baba Dishi akatazama dari.

"Siku nyingine zima kwanza, uchomoe na plagi ukutani," alisema Vipaza, naye akafanya hivyohivyo. Halafu akauchunguza waya wa antena. "Na hapa pana mgeni. Unaona hizi nyuzi nyembamba za nje? Zimegusa waya wa katikati. Zikigusana, picha haiji. Tuzikate, zirudi kwao."

Baba Dishi akachomoka, akarudi na mkasi kutoka chumba cha kushonea.

"Ole wako!" Sindano alipaza sauti. "Mkasi wangu wa kitambaa usikate hata nywele!"

Vipaza alitoa koleo lake mfukoni, akicheka. Alitengeneza ncha ya waya, akauchomeka mahali pake, akawasha umeme. Akabonyeza rimoti mpaka ikatokea orodha ya kutafuta chaneli.

"Hapa wengi huteleza. Inauliza: dishi au antena? Ukichagua dishi, utatafuta mpaka kesho. Chagua antena. Sasa tazameni hii mistari miwili. Mmoja ni nguvu ya mawimbi, mmoja ni ubora wake. Yote miwili ipande. Shemeji, panda wewe, lakini usisogelee nyaya za umeme. Sindano, shika ngazi. Mama, simama mlangoni utupelekee maneno."

Mama mkwe alisimama mlangoni kama askari.

Sindano alishika ngazi kwa mikono yote miwili. Kutoka hapo nyumba za jirani ziliuficha mnara, lakini hakuhitaji kuuona. Aliujua ulipo kama anavyojua mfuko wake wa pini.

"Sogeza kulia," alimwambia mumewe. "Pitisha juu ya tanki la jirani. Umezidisha! Rudi kidogo, kama upana wa mkono."

"Mstari umesimama!" mama mkwe alipaza sauti. "Anasema umesimama!"

"Polepole, shemeji!" Vipaza alisikika kutoka ndani, na bila shaka mtaa mzima ulimsikia. "Ukisogeza, subiri kidogo. King'amuzi kinahitaji muda wa kukisoma kinachokuja!"

Baba Dishi akasogeza, akasubiri. Akasogeza tena.

"Umepanda!" alisema mama mkwe, akasahau umri wake akarukaruka. "Yote miwili! Kaza hapohapo, mwanangu!"

Baba Dishi akaikaza. Vipaza akakiamuru king'amuzi kitafute chaneli chenyewe. Majina ya vituo vya hapa yakaanza kujipanga kwenye skrini, na alipomaliza akayahifadhi. Sindano aliingia sebuleni mbio, vumbi la ngazi mikononi. Muziki wa taarifa ya habari ulikuwa unapigwa.

Na yule pale. Koti la kijani.

Msoma habari alikaa. Akageuka upande wa kamera nyingine. Akashika karatasi. Sindano hakupepesa macho. Mabega yote mawili yalikaa mstari mmoja. Koti halikukimbia kwenda popote. Hata hivyo mwenye kuvaa ndiye ajuaye, na kuaga kulikuwa bado.

Habari zilipita moja baada ya nyingine. Baba Dishi alisikiliza mdomo wazi. Barabara ya sokoni ilikuwa inatengenezwa. Timu ya mpira ya mji ilikuwa imeshinda. Mama mkwe aliambiwa hali ya hewa ya hapahapa, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Mwishowe msoma habari akapanga karatasi zake. "Asanteni kwa kuwa nasi. Jioni njema," alisema. Na kabla picha haijaondoka, akainua mkono wa kulia, akaligusa bega la kushoto, taratibu, kama anayepangusa unyuzi usiokuwepo.

Sindano alipiga kigelegele. Akamkumbatia Vipaza, akamkumbatia mama mkwe, akamkumbatia mumewe na unga wake. Machozi ya furaha yalimtoka, wala hakuyaficha.

"Umesikia habari ya maji?" aliuliza Baba Dishi.

"Maji gani?"

"Kesho wanafunga bomba la mtaa wetu kwa matengenezo! Imetangazwa sasa hivi, wewe umetazama bega tu!"

Jioni ile walijaza ndoo, madumu na masufuria. Kesho yake mabomba yalikauka. Majirani waliokuja kuomba maji hawakuondoka na maji peke yake. Kila mmoja alipelekwa nyuma ya king'amuzi na Baba Dishi, akaonyeshwa matundu mawili, akaambiwa akachungulie king'amuzi chake. Vipaza alipata kazi paa baada ya paa. Mtaani wakaanza kumwita mwokaji Baba Antena, naye hakukataa. Alimchongea mkewe kitundikio cha mbao, kirefu kuliko kile cha chuma.

Kilihitajika. Msoma habari alirudi na wenzake wawili wa kituoni, kila mmoja na kitambaa chake kwapani.

"Fundi," alisema kutoka mlangoni, "uliiona salamu yako?"

Sindano akaacha kushona. Akainua mkono, akaligusa bega lake la kushoto.