Msiba Usiokuwa na Marehemu

Kila siku mjukuu wangu Lesieli akitoka shule huanza na nguruwe. Huwamwagia maganda ya viazi na machicha ya nazi, huku akiwaita kwa majina ya wachezaji wa raga. Kisha hugeuza majani ya mkadi ninayoanika nyuma ya nyumba kwa ajili ya mikeka yangu, hufunga kamba za viatu, na kutoka mbio kuelekea uwanjani. Nikimwita hasikii. Nabaki nikizungumza na vumbi lake.

Ana miaka kumi na mitatu. Anaishi nami hapa kijijini, nje kidogo ya mji wa Neiafu, kwa sababu baba na mama yake wako Australia wakichuma matunda. Katika timu ya raga ya wasichana hakuna anayemfikia kwa mbio. Hata Mzee Tevita, anayesema kwamba msichana akicheza raga atapinda miguu, huja kumtazama, ingawa hujifanya anamtafuta farasi wake.

Kocha wao ni Feleti, mtoto wa mwanangu mkubwa. Kwa desturi yetu ya Tonga, mtoto wa baba yako mkubwa ni kaka yako kabisa, na baina ya kaka na dada kuna heshima kubwa. Hawataniani ovyo, hawatazami filamu ya mapenzi pamoja, na mambo ya mwili hawayataji kamwe wakiwa mahali pamoja. Ndivyo tulivyolelewa, na mimi naipenda heshima hiyo.

Wiki ile Feleti alikuwa moto. Jumamosi timu yake ilikuwa na fainali dhidi ya wasichana wa mjini, na kila mazoezi walipungua wawili, watatu.

"Mna ugonjwa gani ninyi?" aliwafokea. "Leo huyu haji, kesho yule tumbo linamuuma. Mbona wavulana hawana matumbo?"

"Wanayo, Kocha," akajibu Kalo, msichana asiyejua kufunga mdomo. "Ila ya kwao ni ya kulia tu."

Wasichana wakacheka. Feleti hakucheka. "Sikilizeni. Atakayekosa mazoezi tena, au atakayeondoka katikati, Jumamosi atakaa pembeni kushika chupa za maji. Hata awe dada yangu mwenyewe."

Haya yote nilisimuliwa na huyo Kalo, maana yeye ndiye redio ya kijiji.

Jumatano Lesieli alikuwa katikati ya mazoezi alipohisi kwamba siku zake zimeanza. Jezi zao ni nyekundu na bukta ni nyeupe pe, kama za timu ya taifa. Chumba cha kubadilishia nguo kipo, lakini ni cha wavulana, na wavulana walikuwemo ndani wakipiga kelele. Kumwambia kocha angeweza, kama kocha asingekuwa kaka yake. Alisimama nyuma ya mnazi, machozi yakimlengalenga. Pembeni ya uwanja palikuwa na mkeka wa zamani, mpana, uliochanika pembe zote, ambao akina mama huukalia wakitazama mechi. Akauchukua, akajizungushia kiunoni, akaufunga kwa kamba na kushika njia ya nyumbani.

Sasa niwategee kitendawili, wajukuu zangu. Hana mdomo, lakini akipita njiani watu hulia. Ni nani?

Ni mkeka mpana uliochakaa. Kwetu, anayeuvaa kiunoni amefiwa, na kadiri mkeka unavyokuwa mkubwa na mbovu, ndivyo marehemu alivyo wa karibu. Na mkeka ule ulimfikia Lesieli kifuani! Msichana wa watu alipita katikati ya kijiji ameinamisha kichwa, analia. Aliyemwona alimwambia mwenzake. Kabla hajafika nyumbani, kijiji kizima kilishajua kwamba bibi yake amefariki. Tena walikuwa na ushahidi: Jumapili nilikohoa kanisani.

Mimi nilikuwa sebuleni nasuka. Nikasikia mlango wa nyuma, kisha maji bafuni, nikajua mtoto amerudi. Mara nikasikia kilio huku mbele. Jirani yangu Sisilia aliingia amejifunika uso kwa mikono.

"Oooo, mama yetu! Umetuachia nani? Nani atatusukia mikeka sasa? Mkono wako ulikuwa mwepesi, moyo wako ulikuwa..."

"Sisilia," nikasema, "unamlilia nani?"

Akatoa mikono usoni. Akanitazama. Akakaa chini bila kutafuta pa kukaa. "Nakulilia wewe!"

"Basi endelea. Ulikuwa umefika kwenye moyo wangu."

Hakuweza kuendelea. Lakini nyuma yake walikuja wengine, wakiwa na mikeka yao ya msiba na vikapu vya viazi vikuu. Feleti naye akaja, amevunja mazoezi, amebeba nguruwe mdogo begani, macho yake mekundu. Aliponiona alimwachia yule nguruwe, akanikumbatia mpaka mbavu zikalia. Kisha akauliza, "Kama hakuna aliyekufa, Lesieli alivaa mkeka wa nini?"

Sisilia akainua mabega.

"Aliondoka katikati ya mazoezi kwa msiba wa uongo!" akasema. "Basi. Jumamosi hachezi. Nilishasema, na neno langu halirudi."

Nilimkuta Lesieli jikoni, amejikunyata karibu na rundo la nazi. Alikuwa ameyasikia yote.

"Mjukuu wangu, kuna nini?"

"Hakuna, Bibi."

"Kitendawili," nikasema.

Akavuta kamasi. "Tega."

"Mgeni wangu huja kila mwezi, habishi hodi, wala hasubiri chakula."

Alinitazama, kisha akaficha uso mapajani mwangu. "Alikuja uwanjani, Bibi," akanong'ona. "Na bukta ni nyeupe. Na Kaka Feleti yupo pale. Ningemwambiaje? Kalo naye akiwa hivyo hubaki nyumbani. Wote tunabaki. Sasa sitacheza."

Kumbe ndiyo yale matumbo. Nilijua mgeni huyo amekwisha kuanza kuja, maana mimi ndiye niliyemfundisha kutumia pedi. Sikujua kwamba anamnyang'anya raga.

Wakati huohuo gari lilisimama nje kwa kishindo. Melenaite, binti yangu wa pekee, nesi wa kituo cha afya cha mjini, aliingia akiwa bado na sare ya kazi, amejifunga mkeka wa msiba juu yake. Alilia kuanzia mlangoni mpaka aliponiona nimesimama.

"Mama! Uko hai?"

"Kwa sasa," nikamjibu.

Alicheka na kulia kwa pamoja. Watu wakampisha haraka akae kwenye mkeka wa mbele. Haya, tegueni na hiki: ni mkubwa kuliko baba, na ndevu hana. Ni shangazi! Kwetu, dada wa baba anaposema, hata baba mwenyewe hushusha macho. Feleti, mrefu kama mlingoti, alishaketi chini na kukunja miguu.

Nilimnong'oneza Melenaite sikioni. Akatikisa kichwa polepole. Kisha akaita kwa sauti, "Lesieli, mwanangu, kaa hukohuko jikoni, menya hivyo viazi vikuu. Na ninyi vijana, nendeni mkachote maji. Feleti, wewe baki."

Hivyo heshima ya kaka na dada ikalindwa. Halafu shangazi akaanza.

"Feleti, wachezaji wako wana miaka mingapi?"

"Kumi na mbili mpaka kumi na tano, Shangazi."

"Na msichana wa umri huo hupata nini kila mwezi?"

Feleti aliangalia paa kana kwamba linavuja. "Shangazi, mambo haya..."

"Mambo haya ndiyo yaliyokuleta duniani. Yanaitwa hedhi. Si ugonjwa, wala si uvivu. Msichana aliye kwenye hedhi anaweza kukimbia, kuruka na kukuangusha wewe. Anachohitaji ni pedi safi, mahali pa kuibadilishia, maji ya kunawa na ya kunywa. Akiumwa sana, aje kwangu kituoni nimwone. Wavulana wana chumba cha kubadilishia nguo. Wasichana wana nini?"

Feleti akafikiri. "Wana... ule mnazi."

Wanawake waliguna wote kwa pamoja.

"Unawavika nyeupe, unawapa mnazi, halafu unauliza kwa nini hawaji?"

"Lakini ningejuaje, Shangazi?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Yule ni dada yangu. Heshima hainiruhusu kumuuliza."

"Kweli, hairuhusu. Ndiyo maana ungenituma mimi, au mama yako, au mwanamke yeyote asimame pale uwanjani. Heshima imekukataza kuuliza. Haijakukataza kujali."

Feleti akajikuna kichwa. Kisha akasema, "Nilisema neno langu halirudi."

"Sema jipya, basi."

"Jumamosi Lesieli anacheza," akasema Feleti. "Na chumba tutagawana zamu. Wavulana wakileta mdomo, nitawapeleka mimi kwenye mnazi."

"Na bukta?" akauliza Sisilia.

"Tuwatafutie nyeusi," mtu akasema.

"Nyeusi!" Mzee Tevita akaruka kutoka kona yake. "Nyeusi ni za timu ya Nyuzilandi, wapinzani wetu! Afadhali nife kweli, mvipatie kazi hivyo viazi!"

Ndipo nikakumbuka chungu changu. Sisi akina mama hupika rangi ya magome ya mti, nyekundu ya kahawia, ya kuchorea nguo za magome tunazotandika harusini. Alhamisi tulizikusanya bukta zote tukazitumbukiza humo. Zilitoka na mabaka, huku zimekolea, huku zimefifia, na zilinuka kama msitu baada ya mvua. Na chakula cha msiba? Tulikila, bila shaka. Mimi nilipewa kipande cha kwanza, kwa kuwa ndiye niliyefufuka.

Jumamosi, timu yetu ilipoingia uwanjani, wasichana wa mjini walishika mbavu kwa kucheka.

"Jamani, wamevaa shuka la bibi yao!"

"Ndiyo," akajibu Kalo, "na bibi mwenyewe alikufa Jumatano. Mcheze vizuri, anawaona!"

Melenaite alisimama pembeni na mkoba wake wa pedi na ndoo ya maji. Wachezaji wote walikuwepo, hakuna aliyebaki nyumbani. Lesieli alikuwa bado na mgeni wake, nami nilimwona akiogopa dakika za mwanzo, akishika bukta yake kwa nyuma. Kisha alipata mpira karibu na mstari wetu. Alimkwepa wa kwanza, akamsukuma wa pili, na baada ya hapo nyasi zilikuwa zake peke yake. Mzee Tevita alisahau farasi. "Kimbia, binti! Kimbia!" alipiga kelele mpaka meno ya bandia yakamtoka.

Tulishinda kwa pointi mbili. Lakini lililonifurahisha zaidi lilikuja baadaye. Nahodha wa wasichana wa mjini, aliyekuwa amejifunga sweta kiunoni juani, alimjia Melenaite taratibu na kumwuliza, "Shangazi, hiyo rangi mnaipata wapi?"

Feleti aliyaona hayo kutoka mbali. Akaenda moja kwa moja kwa kocha wa timu ile, kijana mwenzake, akamshika bega.

"Kaka, keti kidogo, nina jambo la kukwambia."

"Mbona masikio yako yamekuwa mekundu?"

"Keti tu. Nilikuwa na wasichana niliowaona wavivu. Hawakuwa wavivu. Hawakuwa na pa kubadilishia nguo wala mtu wa kumwambia, na mimi nilidhani kunyamaza ndiyo heshima. Waulize wachezaji wako wanahitaji nini, na kama wewe huwezi kuwauliza, mtafute mwanamke wa kuwauliza kwa niaba yako. Mchezo ni wao pia, na miili yao wataidhuru au wataitunza kwa jinsi tunavyowaongoza."

Wakaketi wawili hao kwenye nyasi, vichwa vimekaribiana, wakizungumza kwa sauti ya chini. Nami nikamwambia Melenaite aandae magome mengine, maana kazi kubwa ya chungu ilikuwa ndiyo kwanza inaanza.