Fundo la Mkono wa Kushoto

Siku niliyonunua ile dampa ilikuwa Alhamisi nzuri. Mlima ulikuwa umejifunua mpaka theluji inaonekana, na nilikuwa nimekunywa chai ya maziwa na mandazi mawili hapo mjini Nyeri. Nayataja haya kwa sababu sina la kusingizia. Sikuwa na njaa, sikuwa mlevi, na asubuhi hiyo nilikuwa nimeomba.

Mimi ni fundi wa mabati. Mzee Hezekiah alikuwa amejenga nyumba kubwa ya udobi huko Othaya, ya kufua mashuka ya mahoteli. Chini kuna chumba cha mashine za gesi za kukausha. Juu kuna chumba cha kupiga pasi kisicho na dirisha, kinachopata hewa kwa dakti tu, yaani lile sanduku refu la bati linalopita ndani ya kuta. Pale dakti inapotoboa ukuta wa chumba cha gesi, lazima iwekwe dampa, kijilango cha chuma cha kuzuia moto usisafiri na hewa.

Abdulkadir mwenye duka la vyuma alinitolea tatu juu ya kaunta.

“Fundi, usichague kwa mfuko, chagua kwa ukuta,” akaniambia. “Ukuta wako unahimili moto saa mbili, basi na dampa ihimili saa mbili. Hii ya rahisi ni ya kupunguza upepo tu, itakuaibisha.” Akainua ile ya saa mbili, akanionyesha kipande kidogo cha madini kinachoshikilia mabapa ya chuma yakae wazi. “Joto likizidi, hiki kinayeyuka, mabapa yanaanguka, kra! Moshi haupiti. Uipachike ndani ya ukuta wenyewe, si kando. Na uache kijidirisha cha kukagulia.”

Nilichagua ile nzuri. Namshukuru Mungu kwa hilo, ingawa halinisaidii.

Wakati wa kuipandisha iliniponyoka, na kile kipande kikakatika. Kingine kingekuja baada ya wiki, na Jumapili mchungaji alikuwa anakuja kubariki nyumba, mashine ziwashwe, watu waone. Bila kile kipande mabapa yanaanguka yenyewe na hewa haipiti. Nikafanya vile sisi mafundi hufanya. Nikachukua waya wa kufungia nondo, nikayafunga yabaki wazi. Mimi hutumia mkono wa kushoto. Fundo langu ni mizunguko mitatu kwenda kushoto, ncha ikirudi chini. Halafu, ili mkaguzi asichungulie, nikakipiga kile kijidirisha riveti, zile pini za bati zisizofunguka, pande zote. Nikamwambia Mungu nitarudi Jumatatu.

Sikurudi. Ningependa kusema nilisahau. Ni uvivu.

Aliyepata kazi ya pasi kule juu ni Wakiuru, mdogo wa mke wangu Kagure. Alikuwa anaishi kwetu, na ni mimi niliyemwombea hiyo kazi.

“Shemeji, hii chumba yako ni kama jela,” alinitania siku ya kwanza. “Ama unataka nikauke kama shuka?”

Nikacheka. Nikamwambia hapo ndipo mahali salama kuliko pote Othaya.

Moto ulishika saa nne asubuhi, mwezi wa Julai, ukungu umelala chini. Nilikuwa uani nikitengeneza mfereji wa paa. Chumba cha gesi kililipuka, ngazi ikawaka. Wote walitoka isipokuwa Wakiuru. Tukamsikia juu akigonga bati la dakti kwa pasi.

Ko. Ko. Ko.

Mwai, bawabu wa hapo, alikuwa tayari na mtaimbo. “Tutoboe huu ukuta ya nyuma! Ni dakika tano tu!”

Ukuta wa nyuma ndio uliobeba dakti na dampa yake. Wangetoboa pale, wangeona waya.

Mzee Hezekiah akanigeukia. “Fundi, ni wewe unajua hii nyumba. Moshi inafika huko juu?”

Watu wote wakaningoja.

“Haifiki,” nikasema. “Dampa imeshafunga. Mkitoboa ndio mtamuua. Ngojeni gari la zimamoto, liko njiani kutoka Nyeri.”

Mwai akaweka mtaimbo chini.

Ko. Ko.

Ko.

Hakuungua hata unywele. Ni moshi uliomuua. Wazimamoto walisema ulipitia chini ya mlango.

Wachunguzi walipokata dakti nilikuwa nimesimama hapo. Mabapa yalikuwa chini. Yamefunga kabisa. Waya hakuna. “Hapa kazi ilikuwa safi,” mmoja akasema. Hezekiah akanishika mkono mbele ya waombolezaji. Na mimi, Bwana anirehemu, nikafurahi.

Jumapili baada ya mazishi nilisimama kanisani kushuhudia. Nilitaka kusema yote. Nikafungua kinywa.

Kra!

Ndani ya koo langu. Chuma kilianguka. Hewa ikakatika. Waumini walidhani ni uchungu, wakanianzishia wimbo. Nilipoketi, pumzi ikarudi. Tangu hapo nikiongea habari ya mvua au ng'ombe, naongea vizuri. Nikitaka kumtaja Wakiuru, kra.

Wiki ya sita tulikuwa jikoni mchana, Kagure akimenya viazi.

“Baba Njoki, uko na kitu unataka kuniambia?”

Nikatikisa kichwa.

Akatoa kitu kwa mfuko wa aproni. Kitanzi cha waya, upana wa mdomo wa kikombe, kimejaa masizi. Mizunguko mitatu kwenda kushoto. Ncha chini. Fundo halikuwa limefunguliwa. Waya haukuwa umekatwa.

“Tulienda kumvalisha mochari, ikawa iko kwa ngumi yake ya kulia,” akanong'ona. “Ilibidi wamvunje vidole ndio aachilie. Hii fundo nimeifungua kwa lango ya ng'ombe miaka kumi na mbili. Nikasema wacha nikungoje.”

Ile dampa ilikuwa mita tatu kutoka chumba chake. Wavu wa hewa chumbani mwake ulikutwa na skrubu zake zote. Kijidirisha kilikutwa na riveti zangu zote. Mkono wa mtu haufiki.

Nikafungua kinywa. Kra! Nikanyakua kalamu ya binti yetu Njoki, nikaandika kila kitu, nikamsukumia karatasi. Hakuigusa.

“Karatasi haina koo,” Kagure akasema. “Yeye alikufa akiita. Wewe sema kwa mdomo.”

Akakitundika kitanzi kwa msumari, juu ya kitanda chetu, upande wangu.

Hakuna anayekigusa. Lakini kinapungua. Mwanzo ngumi ya Njoki ilipita. Kisha vidole viwili. Masizi huanguka kwa mto wangu peke yake. Na kila kinapopungua, pumzi yangu inapungua nayo. Kagure ananipikia uji, kwa kuwa ugali hauteremki. Ananitazama nikinywa. Anangoja.

Leo asubuhi nimekishusha, nikajaribu kidole changu kidogo cha mwisho. Hakikuingia.

Nikahesabu fundo. Mizunguko mitatu ni yangu, imeenda kushoto. Sasa kuna wa nne.

Umeenda kulia.