Matope Ndani ya Kisanduku

Kila Jumamosi asubuhi Raelynn Stamper na baba yake, Garland, walikula mikate midogo ya moto iliyomwagiwa mchuzi mzito wa soseji, kisha wakapakia lori lao dogo la kuendeshwa kwa rimoti kwenye pikapu na kushuka bondeni. Uwanja wa mashindano ulikuwa mahali ambapo zamani makaa ya mawe yalioshwa. Mgodi ulifungwa kabla Raelynn hajazaliwa. Watu wa bonde hilo la Pinch Fork walibaki na kilima cheusi, mvua nyingi na matope. Kwa kuwa matope hayakuwa na kazi nyingine, waliyageuza kuwa mchezo.

Lori la Raelynn lilikuwa la kijani, refu kama mkono wa mtu mzima, na uzito wake ulizidi kilo tano. Lilipofunguliwa mwendo lilikimbia kuliko mbwa. Raelynn, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alilipenda kuliko kitu chochote alichokuwa nacho. Asichokipenda ni kazi iliyofuata baada ya kuliendesha.

Kazi hiyo alifundishwa na mzee Virgil Combs, mchimbaji mstaafu aliyekohoa kila baada ya maneno machache. Yeye ndiye aliyekagua malori yote kabla ya mashindano.

"Usikimbilie mpira wa maji," alimwambia mara nyingi. "Maji ya nguvu yanasukuma uchafu ndani. Acha matope yakauke, uyapanguse kwa brashi. Vua magurudumu, safisha beringi, uzitie mafuta. Halafu fungua kisanduku hiki." Hapo aligonga kwa kidole kisanduku kidogo cheusi katikati ya lori. Ndani yake ndimo mlimokaa kipokezi, kifaa kinachopokea amri za rimoti. "Mfuniko wake una mpira mwembamba wa kuzuia maji. Ukikaa vibaya, lori litakuwa kiziwi. Na lori kiziwi halijui kusimama."

Ilikuwa kazi ya saa mbili.

Alhamisi moja ya mwezi wa Machi, Raelynn na rafiki yake Shelby walilipeleka lori kijitoni baada ya shule. Waliliendesha kwenye tope zito mpaka likazama nusu. Katikati ya mchezo lilishtuka, likaruka mbele lenyewe, kisha likatulia. Raelynn alifungua kisanduku palepale ukingoni, vidole vikiwa vimejaa matope, akasukuma waya mmoja uliokuwa umelegea. Aliporudisha mfuniko aliona mpira mwembamba umechomoza upande mmoja kama ulimi. Akaubonyeza kwa kidole gumba. Haukuingia vizuri.

"Twende bwana, baridi inaniua," Shelby alisema huku akirukaruka. "Utautengeneza nyumbani."

Nyumbani kulikuwa na baridi vilevile. Raelynn alichukua mpira wa bustani, akalimwagia lori maji mpaka likang'aa, akalisukumiza chini ya baraza. Ijumaa jioni baba yake alirudi kutoka kiwanda cha mbao, vumbi la mbao likiwa limemjaa kwenye nyusi.

"Lori umelisafisha?"

"Ndiyo, Baba."

"Lote?"

"Lote."

Garland aliliinamia, akaona linavyong'aa, akampigapiga bintiye begani. "Fundi wangu huyo."

Siku ya pili yake watu walijaa uwanjani. Mwanamume mmoja alipoona lori la kijani alicheka. "Garland, hilo lori umelipaka losheni? Linang'aa kuliko kichwa chako!"

"Wewe angalia lako lisije likakufia njiani kama wiki iliyopita," Garland alijibu, na watu wakaangua kicheko.

Mzee Virgil alikaa mezani na kadi zake za ukaguzi. Karibu naye alisimama mjukuu wake Colby, wa miaka mitano, akiwa amevaa buti za mvua.

"Chura!" Colby aliita alipoliona lori la Raelynn. Hilo ndilo jina alilolipatia lori hilo. "Babu, Chura leo atashinda?"

"Chura atashinda akiwa mzima," mzee alisema. Akazungusha magurudumu, akasikiliza. Akajaribu usukani. Kisha akaweka kidole juu ya kile kisanduku. Nyuma ya Raelynn foleni ilikuwa ndefu na mvua ilikuwa imeanza. "Hiki umekifungua?"

"Ndiyo, babu."

"Ndani kukavu? Mpira umekaa sawa?"

"Umekaa sawa."

Mzee Virgil alimtazama kwa fahari, kwa kuwa ni yeye aliyemfundisha. Akatia sahihi kwenye kadi.

Mzunguko wa kwanza ulikwenda vizuri, na wa pili pia. Katika mzunguko wa tatu Raelynn alikata kona, akaachia kitufe cha mwendo, na lori halikupunguza kasi. Alivuta breki. Halikusikia. Lilipanda ukingo wa matairi, likaruka kamba ya watazamaji, likashuka likiwa bado linanguruma.

Colby alikuwa amesimama upande ule. Hata hakukimbia. Alidhani Chura anamjia kucheza.

Sauti ya mfupa ukivunjika haikuwa kubwa. Raelynn aliisikia.

Baada ya hapo alikumbuka vipande vipande tu. Darla, mama yake Colby na binti wa mzee Virgil, amepiga magoti kwenye tope. Buti moja ndogo imelala peke yake. Baba yake mwenyewe amelikumbatia lori lililokuwa likizungusha magurudumu hewani, akihangaika kuchomoa betri. Gari la wagonjwa lilichukua dakika arobaini kufika, kwa sababu barabara ya bonde lile ni mbaya, na kwa dakika zote arobaini Colby alilia bila kunyamaza.

Hospitali ilikuwa mji mwingine, ng'ambo ya milima. Mfupa wa mguu ulivunjika karibu na goti, mahali ambapo mfupa hurefuka mtoto anapokua. Madaktari walimtia skrubu. Walisema atatembea, ila huenda mguu ule ukabaki mfupi kuliko mwenzake.

Uwanja ulifungwa. Dukani, kanisani na kwenye kituo cha mafuta watu walizungumza jambo moja.

"Virgil macho yameisha," walisema. "Amepitisha lori bovu, na mtoto wa bintiye mwenyewe ndiye aliyeumia."

Darla hakusema kitu mbele za watu, ila alimzuia baba yake kwenda hospitali. Mzee Virgil alibaki nyumbani kwake. Waliokwenda kumjulia hali walisikia maneno yaleyale: "Sahihi ni yangu."

Raelynn aliyasikia yote. Chakula kilimshinda. Shuleni Shelby alimvuta kwenye ukuta wa maktaba. "Usiseme lolote," alimnong'oneza. "Hakuna anayejua. Yule ni mzee, watasahau tu." Raelynn alinyamaza. Alinyamaza siku ya kwanza, ya pili, na kila siku iliyopita ilifanya siku iliyofuata kuwa ngumu zaidi.

Jumamosi iliyofuata simu ililia. Mzee Virgil alitaka lori liletwe karakana yake. "Nataka kujua nilikosea wapi," alimwambia Garland. "Mlete na binti. Analijua lori hilo kuliko sisi."

Walimkuta amesimama mbele ya meza ya kazi, amepanga bisibisi kwa ukubwa wake. Mlangoni alisimama Darla akiwa na koti mwilini, mikono kifuani. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mimi sikuja kuongea," alisema. "Nimekuja kuona kilichomvunja mwanangu."

Mzee Virgil alianza kazi jinsi alivyowafundisha watoto wote wa bonde lile, kwanza kitu kilicho rahisi, kisha kinachofuata. Alipima betri. Ilikuwa nzima. Akafuata nyaya moja baada ya nyingine kwa ncha za vidole, hakuna iliyokatika. Akavua magurudumu.

"Bisibisi ndogo," alisema, na Raelynn akampa.

Beringi zilikuwa zimejaa mchanga na zilikwaruza zilipozungushwa. Mzee alikunja uso. "Hizi hazikusafishwa. Mimi nilizizungusha siku ile, nikasikiliza, na sikusikia kitu. Kweli masikio yangu yamekwisha." Akakohoa kwa muda mrefu, ameshika meza. "Lakini beringi haziwezi kulikimbiza lori. Tuendelee."

Aliivua mota, akaigeuza, akaiunganisha kwenye betri nyingine. Ilizunguka na kusimama sawasawa. Usukani ulikuwa mzima. Kifaa cha kupunguza na kuongeza mwendo nacho kilikuwa kizima. Kila alipomaliza kitu kimoja alikisogeza upande wa kushoto wa meza, na upande wa kulia ukazidi kuwa mtupu.

"Labda rimoti niliijaribu haraka," alisema kwa sauti ya chini, kama anayejisemea. "Labda kulikuwa na mvua sikuona vizuri. Darla, mwanangu, labda kweli ni mimi."

Darla aligeuza uso.

Upande wa kulia kilikuwa kimebaki kile kisanduku cheusi. Mzee alikivuta, akaweka bisibisi kwenye skrubu ya kwanza. Bisibisi iliteleza mara mbili.

Raelynn aliweka kiganja chake juu ya mfuniko.

"Usifungue, babu. Naomba niseme kwanza."

Wote wakamtazama.

"Humo ndani kuna maji. Mpira haujakaa. Niliuona Alhamisi, kabla ya mashindano. Lori lilinirukia kijitoni, nikajua lina kasoro. Sikulisafisha. Nililimwagia maji tu, juu juu. Baba aliniuliza nikasema nimesafisha. Na wewe uliniuliza. Uliniuliza mara mbili, babu."

Mzee Virgil aliuondoa mkono wa Raelynn taratibu, akafungua skrubu nne, akainua mfuniko. Maji ya matope yalimwagika mezani. Kipokezi kilikuwa kimeota kutu ya kijani kwenye vijiti vyake vyote vya kuunganishia nyaya, na ule mpira mwembamba ulikuwa umebanwa na kupasuka.

Garland alitoka nje. Walisikia akitembea kwenye changarawe, akienda na kurudi.

"Kwa nini, binti?" mzee aliuliza.

"Kulikuwa na baridi," Raelynn alisema. Ilikuwa kweli, na ilimtia aibu kuliko uongo. "Niliona uvivu."

Mzee Virgil alikaa kwenye kigoda. Alionekana mchovu, lakini mabega yake yalikuwa yameshuka kama ya mtu aliyetuliwa mzigo nusu. "Uliyoyafanya ni mabaya," alisema. "Lakini sitakutwika yote. Mimi ndiye mkaguzi. Uongo wako haukunifunga mikono. Bisibisi ilikuwa mezani, ningefungua mwenyewe. Niliona foleni ndefu, nikaona uso ninaoupenda, nikatia sahihi."

Darla alikuwa bado mlangoni. Raelynn alimgeukia, akataka kusema samahani, lakini Darla aliinua kiganja.

"Si sasa," alisema. "Sina mahali pa kuiweka." Kisha akamtazama baba yake, akavuka karakana, akachukua kitambaa na kuanza kumpangusa yale maji ya matope mikononi, kidole kimoja kimoja.

Jioni ile Garland hakupiga kelele. Alisema tu, "Nilikuita fundi," na hilo lilimuuma Raelynn kuliko kiboko. Jumapili, baada ya ibada, alimpeleka kwenye ukumbi ambako wanachama wa uwanja walikuwa wamekutana. Raelynn alisimama mbele ya watu wazima thelathini na kusema yote, bila kumtaja Shelby. Kuna waliotikisa vichwa. Kuna mmoja aliyetoka. Lakini tangu siku ile hakuna aliyesema tena kwamba macho ya Virgil yameisha.

Uwanja ulipofunguliwa mwezi wa Mei, kulikuwa na kanuni mpya: kila kisanduku kifunguliwe mezani, mbele ya macho ya mkaguzi, hata kama mwenye lori ni rafiki au mtoto wake. Watazamaji walisogezwa nyuma ya uzio wa mbao. Raelynn alikatazwa kushindana mwaka mzima. Alilisafisha lori lake upya na mzee Virgil, kwa brashi na subira, wakabadilisha kipokezi na mpira, na lilipowashwa lilisimama kila lilipoambiwa lisimame. Hakulifurahia. Alilifunika kwa gunia na kuliacha karakana.

Colby alirudi nyumbani na mguu wenye plasta mpaka kiunoni. Ilipotolewa, alichechemea. Wakati wa kiangazi, alasiri moja, Raelynn alikusanya ujasiri, akaenda kugonga mlango wao. Colby alikuwa sakafuni akichora.

"Chura yuko wapi?" aliuliza, bila kinyongo hata kidogo.

Darla alimtoa Raelynn nje kwenye ngazi za baraza, wakakaa.

"Sitakuambia kwamba yamekwisha," Darla alisema. "Kila asubuhi nikimvisha viatu nayaona. Lakini ulisema kweli kabla kisanduku hakijafunguliwa, na ulinirudishia baba yangu. Hilo nalo naliona."

"Sikudhani mtu angeumia, Bi Darla."

"Najua. Hakuna anayedhani. Sikiliza, nikuambie nililojifunza mwaka huu, nawe ulishike. Ulimdanganya baba yako, ukamdanganya baba yangu. Colby hukumdanganya. Siku ile ulikuwa hata humfikirii. Lakini mguu ni wake. Uongo hauchagui kumwangukia yule uliyemwambia. Ukishautoa mdomoni, huna usukani wake tena."

Raelynn aliinamisha kichwa. Ndani ya nyumba Colby aliita, akitaka mtu wa kumshikia karatasi isiteleze.

Darla alisogeza magoti yake pembeni, ili Raelynn apate nafasi ya kupita.

"Nenda," alisema. "Anakuita wewe."