Limau Juu ya Soda Kali

Kila Jumamosi asubuhi, uani kwa akina Dafroza pale Kamunyonge, palinuka shombo. Ilikuwa mwaka wa themanini na tatu, rafu za maduka ya Musoma zilikuwa tupu, na sabuni ilikuwa adimu kuliko nyama. Mama yake, Euphrasia, alichoka kufulia majivu, akaanza kutengeneza sabuni mwenyewe. Aliyeyusha mafuta ya sangara, akayachanganya na maji ya soda kali, akamimina kwenye kasha la mbao. Sabuni ilitoka ya kahawia na yenye harufu ya ziwa, lakini uchafu ilitoa.

Kazi ya Dafroza, msichana wa darasa la saba, ilikuwa kukoroga soda. Sharti la mama lilikuwa moja tu: maji yatangulie ndooni, soda ifuate kidogo kidogo.

Jumamosi hiyo Dafroza alikuwa na haraka ya kuwahi mazoezi ya kwaya. Alimimina soda yote ndooni, kisha akachota maji na kuyamwaga juu yake.

"Dafroza, umeanza na nini?" mama aliuliza, akiinama kuchungulia.

Maji yalichemka papo hapo bila moto, yakaruka. Yalimpata mama kwenye kiganja cha kulia na shavuni, chini kidogo ya jicho. Alipiga yowe, "Soda! Soda!" hadi jirani yao, Mama Leodgar, akaja mbio.

"Soda? Soda si magadi tu!" alisema Mama Leodgar, akanyakua malimau jikoni. "Limau linayapozaga magadi. Nikichanganya ya mandazi, bakuli linakuwaga baridi kabisa!"

Akakamulia limau kiganjani. Mama alilia kilio ambacho Dafroza hakuwahi kukisikia. Mama Leodgar akashika limau la pili, akamwinua mama uso ili alikamulie karibu na jicho.

Hapo Dafroza akakumbuka somo la Mwalimu Kasmiri. Mwalimu aliweka glasi mbili mezani, akawaambia wanafunzi wazishike kwa nje. Katika ya kwanza alichanganya magadi ya kupikia na maji ya limau. Povu lilifoka, glasi ikapoa, kwa sababu mmenyuko ule ulifyonza joto. Katika ya pili alichanganya maji ya soda kali na siki. Povu halikutokea kabisa, lakini glasi ilipata moto, kwa sababu mmenyuko ule ulitoa joto. Siki ni tindikali, na limau nalo ni tindikali. Mwalimu alionya pia kwamba soda kali hutoa joto hata ikipata maji matupu, hasa yakiwa machache.

"Acha, Mama Leodgar!" Dafroza alimpiga mkono, limau likaanguka. "Hii siyo magadi! Limau na soda kali vinatoa joto! Litamchoma jicho!"

"Mtoto huna adabu wewe! Unanipiga mimi?"

Dafroza alichota maji kwenye pipa akammwagia mama usoni na mkononi, kata baada ya kata. Pipa lilipokauka, Mama Leodgar alibeba ndoo nyingine kwenda ziwani, bado akinung'unika.

Aliporudi aliwanong'oneza, "Hospitali msiende. Soda hiyo imepita mpakani Sirari kwa magendo, na mwaka huu watu wanakamatwa. Watauliza imetoka wapi."

Dafroza alimwona mama akiogopa, naye akaogopa zaidi.

"Twende, mama," alisema. "Wakiuliza nini kimetokea, nitasema ni mimi niliyemwaga maji juu ya soda."

Na hospitalini alisema hivyo hivyo. Muuguzi, Sista Jenoveva, hakuuliza habari za Sirari. Aliuliza tu wameosha kwa kitu gani, wakamweleza yote.

"Maji machache huchemshwa na soda," alisema akifunga bandeji. "Maji mengi huibeba soda pamoja na joto lake. Jicho limepona kwa sababu hiyo. Ila limau limeongeza joto kwenye kidonda, tena limekula muda wa kuosha."

Vidole viwili vya mama havikunyooka tena.

Jumamosi nyingine Dafroza alikaa peke yake mbele ya ndoo, machozi yakimlenga. Mama aliketi kando, mkono umefungwa kitambaa.

"Nisamehe, mama."

"Nilishakusamehe. Ila sikiliza, mwanangu. Mimi nilikupa sharti bila sababu, kwa kuwa sababu sikuijua. Wewe sababu ulifundishwa shuleni, ukaiacha hukohuko darasani. Jirani yetu aliona unga mweupe, akadhani kila cheupe ni magadi. Sote watatu tumekosea, na mkono uliolipa ni huu mmoja. Unachojifunza, njoo nacho nyumbani."

Dafroza akatia maji kwanza. Akaongeza soda kidogo, akakoroga, kisha akagusa ndoo kwa nje. Ilikuwa ya moto. Akasubiri.