Mchezaji wa Njano

Jioni ile nilikwenda kuchukua simu yangu kwa Ziyad, aliyekuwa akitusaidia kuichaji. Alikuwa na chumba cha michezo ya video hapa Bwera, mpakani. Mwanangu Bright alikuwa mgongoni, amelala.

Ziyad alikuwa ameenda kuswali magharibi, akaacha mlango wazi. Umeme ulikuwa umekatika mji mzima.

Lakini mashine ya zamani, ile aliyoivusha kutoka Kasindi, upande wa Kongo, ilikuwa inawaka.

Kila mtu aliujua mchezo wake. Watu wawili, mwekundu na wa njano, wanatembea pamoja mapangoni kutafuta mlango. Nguvu zao zinapungua hata wakisimama. Nyama inarudisha nguvu, lakini ni moja, anaila mmoja. Na mmoja akibaki nyuma, mwenzake hawezi kwenda mbele. Picha haisogei.

Nilinyoosha mkono kwenye simu. Bright aliamka, akanyoosha wake. Akashika kijiti cha kuchezea, kile cha njano.

Tu... tu... tu... Mashine ilianza kupiga kama moyo. Harufu ya matope ya mto ikajaa chumbani.

Nilimtoa mkono kijitini. Wa njano aliendelea kutembea.

Mashine ile huongea Kiingereza. Jioni ile iliongea Kikonzo, lugha yetu ya nyumbani, kwa sauti ya mtoto.

"Wa njano, nguvu zako zinaisha."

Bright alilegea. Pumzi yake ilikuwa baridi shingoni mwangu. Nilikimbilia nje, lakini kila hatua pumzi ilipungua.

Nikarudi.

Mimi si mtu wa kupaza sauti. Hata sokoni nauliza bei kwa kunong'ona. Lakini nilishika kijiti chekundu kwa mikono miwili, nikamsimamisha mtu wangu palepale.

Wa njano alifika ukingoni. Mbele yake kulikuwa na mlango, mweusi. Akasukuma. Picha haikusogea.

"Twende," sauti ilinong'ona sikioni.

"Siendi."

"Nyama iko karibu nawe. Kula. Mimi niachie huyu."

"Sili. Na sikuachii. Rudi ule wewe!"

Tu-tu-tu-tu... Nguvu zangu nazo zilikuwa zinaisha, nikaegemea mashine. Sikuachia kijiti.

Wa njano aligeuka. Polepole... Akaja hadi miguuni mwa mtu wangu, akala.

Kengele ikalia.

Bright akalia.

Giza.

Ziyad alinikuta sakafuni. "Mama Bright! Iko nini?"

Nilimweleza. Akamulika waya wa mashine. Ulikuwa umekunjwa nyuma yake, haujachomekwa.

"Kule Kasindi," alinong'ona, "batoto babili ba mwenye mashine balikuwa banacheza hii. Siku moja mto Lubiriha ikachukua mudogo. Mukubwa alitoka ku maji, akakimbia. Hakuangalia nyuma."

"Na bado ukaileta kwetu?"

"Nilifikiri ni maneno ya batu tu."

Siku hizi ameifungia ndani. Lakini nikipita jioni bado naisikia. Haimwiti wa njano tena.

"Mwekundu, nguvu zako zinaisha."

Huyo ni mimi. Nasimama katikati ya barabara, nakaza kitenge kinachomshika mwanangu, najibu mpaka watu wanageuka:

"Nimesikia! Siendi!"