Taa Iliwaka, Gari Halikupanda

Kila jioni, Baba Pacha alipomaliza kubeba mchanga, aliipeleka pikapu yake mtoni akaiogesha. Aliiingiza majini ingali moto, mpaka maji yakafunika magurudumu na mvuke ukafuka chini yake. Kisha aliisugua kama bwana harusi.

Majirani walimtania mkewe.

"Mama Pacha, mke mwenzako anaoga tena!"

"Mwacheni aoge," alijibu. "Si ndiye anayetulisha?"

Ilikuwa pikapu kuukuu, rangi imebabuka, lakini ilikuwa na fowili. Yaani ukivuta gia ndogo iliyo kando ya ile kubwa, magurudumu yote manne yanavuta, badala ya mawili ya nyuma tu. Kati ya kijiji chao na zahanati kulikuwa na mlima wa udongo mwekundu. Mvua ikinyesha, mlima ule ulikuwa kama umepakwa mafuta.

Mvua zilipoanza, Mama Pacha alishikwa na uchungu wa kuzaa. Mumewe aliwaacha watoto wao pacha kwa jirani, akampandisha mbele, kando yake. Chini ya mlima alishuka, akageuza loki za magurudumu ya mbele. Loki ni kitasa kidogo cha kuzungusha kwa mkono, kipo katikati ya gurudumu. Akarudi, akavuta gia ndogo. Taa ndogo ya kijani ikawaka nyuma ya usukani.

"Usiogope, mama watoto. Fowili imeingia."

Magurudumu ya nyuma yalizunguka bure, yakirusha tope. Ya mbele yalitulia tuli, kama ya gari lililoegeshwa. Pikapu ikateleza kinyumenyume, ikalala mtaroni. Watu walipofika kuisukuma, mtoto alikuwa amekwisha zaliwa pale pale kitini. Alikuwa msichana. Hakulia hata mara moja.

Walimzika nyuma ya nyumba. Baba Pacha alilaumu barabara, akalaumu mvua, akalaumu matairi. Mama Pacha hakulaumu kitu. Alikuwa mtu wa maneno machache, na sasa hata hayo machache yalimkauka. Lakini mdogo wake aliyeishi nao naye alikuwa mjamzito. Tumbo lile lilivyozidi kukua, ndivyo Mama Pacha alivyozidi kuutazama mlima.

"Baba Pacha," alisema siku moja, "lile gari lina ugonjwa."

"Gari ni zima. Taa iliwaka, wewe mwenyewe uliiona."

"Niliiona. Taa iliwaka, na mwanangu akafa."

Baba Pacha aliweka kikombe chini. Hakukimaliza. Asubuhi alikwenda kumwita shangazi yake.

Shangazi alikuwa fundi wa karakana ya magari ya idara ya barabara mpaka alipostaafu. Alifika na ovaroli yake na sanduku la spana, akampa Mama Pacha pole, akakaa naye kidogo. Kisha akainuka.

"Haya, tumwone mgonjwa."

"Shangazi, mimi nashangaa tu. Taa iliwaka..."

"Taa ni mmbea, mwanangu. Inakuambia gia imeingia huku katikati. Haijui kama gurudumu limesikia."

Alizuia matairi ya nyuma kwa mawe ili gari lisitembee. Akarudisha gia ndogo mahali pa magurudumu mawili, akafunga loki zote mbili za mbele, akapiga jeki upande mmoja.

"Mama Pacha, njoo. Zungusha gurudumu hili kwa mkono. Wewe mwenye gari, ingia chini, tazama ule mti wa chuma unaokwenda mbele. Huo ndio propela. Loki ikishika, propela itageuka pamoja na gurudumu."

Mama Pacha alizungusha. Gurudumu lilikuwa jepesi.

"Inageuka?"

"Haigeuki," mumewe alijibu kutoka chini.

Upande wa pili ukawa vilevile. Shangazi alizifungua loki kwa spana, akazichomoa. Yalitoka maji mekundu ya kutu. Vyuma vya ndani vilikuwa vimegandana, haviwezi kusogea vishike gurudumu. Alifungua na nati ya mafuta ya difu la mbele, lile tumbo la chuma lenye gia ndani. Yalitiririka mafuta meupe kama uji.

"Mafuta safi hayawi meupe. Haya yamekunywa maji. Gari hili linalala mtoni?"

"Linaoga tu, Shangazi."

"Likiwa moto?"

"Ndiyo, ndipo tope linatoka vizuri."

"Chuma cha moto kikiingia majini ghafla, hewa ya ndani inasinyaa. Inavuta kitu cha kujaza nafasi. Ndiyo maana difu lina tundu la kupumulia huku juu, livute hewa. Hebu nilione lako..."

Alipapasa juu ya difu. Akachokoa kwa bisibisi. Kikadondoka kipande kigumu cha kijivu.

"Nani ameliziba gari pua?"

"Mafuta yalikuwa yakichuruzika hapo," Baba Pacha alisema polepole. "Nikadhani panavuja. Nikaweka sabuni."

"Sabuni! Wewe tangu utoto hukupenda kuuliza. Ulivaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia, ukasema fundi kakosea. Yalichuruzika kwa sababu uliyajaza kupita kiasi. Ukaziba pua, basi difu likapumulia mdomo, humo mtoni. Limevuta maji kupitia kwenye loki na sili, zile pete za mpira."

Mama Pacha alikitazama kile kipande. Alikumbuka sabuni ya kufulia, na kisu mkononi mwake.

"Mimi ndiye niliyemkatia," alisema.

Shangazi aliwatazama wote wawili.

"Hamkujua. Sasa mnajua. Nishikieni tochi."

Walisafisha loki kwa mafuta ya taa, wakasugua kutu, wakapaka grisi mpya kiasi, si ya kujaza. Wakabadilisha sili. Wakamwaga mafuta yote ya zamani, wakatia mapya mpaka usawa wa tundu la kujazia, basi. Lile la kupumulia wakaliacha wazi, safi.

"Lipoe kwanza ndipo lioge, na lioge kwa ndoo," Shangazi alisema. "Kila mwezi funga loki, tia fowili, tembea kidogo kwenye mchanga au nyasi, vyuma visigande. Kwenye lami kavu usithubutu, utavunja gia. Na loki ifungwe kabla ya tope, si ukiwa umekwama."

Mvua bado zilikuwa kali siku mdogo wake Mama Pacha aliposhikwa na uchungu. Asubuhi ile Baba Pacha alikuwa amepima kwa jeki, kama alivyofundishwa. Chini ya mlima alishuka akafunga loki, akarudi akavuta gia ndogo. Mama Pacha alimshika mdogo wake kiunoni. Hakuitazama taa. Alichungulia dirishani, akaona gurudumu la mbele likiuma tope na kulivuta nyuma. Pikapu ikapanda, polepole, bila kusimama.

Kule zahanati, Mama Pacha alitoka nje kumtafuta mumewe. Alimkuta amesimama mvuani kando ya pikapu.

"Amejifungua. Mvulana."

"Analia?"

"Husikii?"

Sauti ilipenya dirishani, kali, ya hasira. Baba Pacha alisikiliza. Kisha akachuchumaa kwenye tope, akaegemea gurudumu, akalia kwa mara ya kwanza tangu wamzike binti yao.

Mama Pacha alichuchumaa kando yake. Hakumwambia anyamaze.